Mkono Ulioshika Kibuyu

Kwa mdogo wangu Kibet, nyumbani Silibwet.

Chamgei. Nakusalimu kwa sababu mama alitufunza kwamba hata mtu mliyekosana humpiti njiani bila kumwamkia. Salamu basi ni hizo, zipokee, na usizitafutie utamu. Natumaini mko wazima, wewe na mke wako na watoto, na kwamba yule ng'ombe mwekundu amezaa salama. Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku ughaibuni imeanza kuuma masikio, na vidole vyangu vimepasuka kwa kunawa kila mara, lakini hayo si ya kulilia. Moyo ndio si mzima, na aliyeuharibu ni wewe.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Kwa simu umenishinda. Nimekutumia ujumbe mara saba, umeusoma wote, alama za buluu nimeziona, na jibu lako lilikuwa kidole gumba kimoja na maneno "dada tutaongea". Basi tunaongea. Barua hii inabebwa na Mama Faith wa Litein, mwenzangu wa kazi, anayekuja likizo, na ameniahidi ataiweka mikononi mwa mama mwenyewe, si mwako. Mama naye atakuita uje umsomee, kama ulivyomsomea barua zangu zote tangu niondoke. Kwa hivyo najua uko wapi sasa hivi. Umekaa kwenye kile kiti cha baba kilichofungwa kwa waya, mama yuko kwenye kigoda karibu na moto, na anakutazama mdomo. Nimemwambia kwamba karatasi nne za kwanza ni zako, uzisome kimya, na ya tano ndiyo yake. Soma kimya basi, na ujitahidi uso wako usikuseme kabla ya wakati.

Kwanza habari za huku, kwa sababu zinahusu.

Bado nafanya kazi kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee. Siku hizi nimepewa mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa muziki, ambaye kiharusi kilimlegeza koo. Mzee huyu hanywi kitu chepesi. Chai yake, maji yake, hata dawa yake, lazima nichanganye na unga fulani mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto, kisha namkalisha wima na kumpa kijiko kimoja kimoja nikimtazama shingo kama imemeza. Kikiwa chepesi kinamponyoka na kuingia njia ya hewa, na mapafu hayajui chai ni nini. Yanaoza. Walitufunza hayo darasani siku mbili nzima, na mwalimu akatuonyesha picha za vifua vya watu. Nilikaa nyuma nikalia. Mwalimu alidhani nina mafua, akaniletea karatasi ya kupenga kamasi. Tangu siku hiyo, Kibet, najua kilichomuua baba hatua kwa hatua, na nikimlisha mzee wa watu namwona wetu.

Hiyo ndiyo hali uliyonikuta nayo uliponitumia tamthilia yako.

Nami nilijivunia, sitakudanganya. Nilitangaza kwa kila mtu kwamba mdogo wangu anaandika mchezo wa televisheni, unaitwa Wodi ya Pili, unapigwa picha kwetu kabisa katikati ya majani chai, na maneno yote wanayosema wale watu yanatoka kichwani mwake. Kila Jumapili mchana tulikuwa jikoni mimi na Mama Faith, ugali mezani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, tukimtazama huyo Daktari Allan wako. Kipindi cha kwanza anaingia wodini na viatu vya kung'aa, stethoskopu shingoni hata akila chapati, anamfokea nyanya wa watu kwa sababu hajui mwaka aliozaliwa. Tulicheka. Nikasema, huyu atakua, Kibet anajua anakompeleka. Kipindi cha tatu aliona damu nyingi akajifungia chooni, nikampenda. Kipindi cha tano akajifunza kuamkia wazee kwa lugha yetu, akatamka vibaya, wodi nzima ikamcheka na yeye akacheka pia. Usije ukasema dada yako hajui kazi nzuri akiiona. Unacho kipawa. Ndiyo sababu nimekasirika hivi, maana mwizi mjinga mtu humhurumia.

Kisha kikaja kipindi cha sita.

Mzee mkulima wa chai amelazwa na ngiri. Daktari Allan anasema asile, asinywe, anapasuliwa asubuhi. Anaingia mke wake. Kitambaa cha buluu chenye maua meupe kichwani. Kitambaa hicho nilimnunulia mama kule Kericho mimi mwenyewe, nawe ukatafuta kingine kama hicho ukamvisha mwigizaji. Anavuta pumzi kidogo kabla ya kusema, kama mama. Anakaa kwa ubavu mmoja, kama mama. Anatoa kibuyu chini ya leso, anammiminia mume wake mursik, maziwa yetu yale ya mkaa, na huku anacheka kwamba daktari mwenyewe ni mtoto, atajua nini. Mzee anapelekwa kupasuliwa, akishapewa dawa ya usingizi maziwa yanapanda, yanaingia kifuani. Daktari anatoka na pamba yenye chembe nyeusi za mkaa. Anamtazama yule mama, na kamera yako inamtazama mpaka mtu mwingine angeona haya. Halafu mazishi. Allan anakuja kwa miguu kupitia shamba la chai, viatu vimejaa matope, anamshika mjane mkono na kumwambia, "Mama, nimekusamehe." Muziki. Chini yake watu mia na mia wameandika kwamba Allan sasa amekomaa, amekuwa daktari kamili.

Mama Faith, ambaye hajui lolote la kwetu, alitingisha kichwa. "Hawa wamama wetu na ujinga," akasema. "Anaua bwana yake hivi hivi tu, na anacheka."

Mimi niliinuka nikaosha vyombo. Nilipomaliza nikaviosha tena.

Sasa wacha nikukumbushe, kwa kuwa naona kumbukumbu yako inachagua. Chembe za mkaa ulizikumbuka. Pamba uliikumbuka. Hata lile dirisha la wodi lililopasuka kona ulilikumbuka ukaliweka. Ulichosahau ni mkono.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa, mimi ishirini na nne. Baba alikuwa ameificha ngiri yake msimu mzima wa majani chai, akibeba kikapu hadi kituo cha kupimia huku amejishika tumbo, mpaka ikamwangusha. Daktari tuliyepewa alikuwa msichana wa Ukambani, Daktari Mwende, aliyekuwa bado anajifunza kazi, uso mdogo hivi kwamba baba alimwuliza kama mama yake anajua aliko. Yeye hakufoka. Alituambia mara tatu, polepole, asile, asinywe, hata maji, hata tone. Kisha akaenda. Mama akatoka kufua shati la baba kwenye bomba nyuma ya wodi. Tukabaki sisi wawili.

Kile kibuyu ulikuwa umekibeba wewe kutoka nyumbani kwenye mkoba wa shule. Mama alikituma kwa ajili ya siku baba ataruhusiwa kurudi, anywe akifika langoni kama mtu aliyetoka safari. Baba alikiona. Namsikia mpaka leo.

"Kibet, lete hiyo sotet. Mimi siendi kwa kisu kama mtu hana kwao."

"Daktari alikataa, baba."

"Alikataa chakula. Hiyo ni chakula? Hiyo ni ya mama yako."

Ukanitazama. Nikakuuliza unataka kufanya nini, ukasema, "Si ameitisha mwenyewe." Na mimi, mimi dada yako mkubwa, sikusema wacha. Nilisema, "Haraka basi, kabla hajarudi," nikaenda kusimama mlangoni nikulindie. Hilo nalisema wazi ili usidhani nimekuja hapa na mikono misafi. Ulimimina wewe, nililinda mimi. Wala hatukuwa wabaya. Tulikuwa watoto wa kwetu. Mursik hupewa anayeondoka na anayerudi, hupewa bibi harusi na mkimbiaji aliyeshinda, na nani kati yetu aliwahi kusikia mtu amedhurika na maziwa ya mama wa watoto wake? Tuliona tunamfunga mkanda wa safari. Tulikosa, na kosa lile halikuwa na uovu.

Uovu ulikuja baadaye, na ulikuwa wa kunyamaza.

Daktari Mwende alitoka mbio chumba cha upasuaji, barakoa imeshuka kidevuni, pamba mkononi. "Hii nyeusi ni nini?" akauliza. "Ni nani amempa kitu?" Wewe ulikuwa umeegemea ukuta, kibuyu ndani ya jaketi, zipu imefungwa hadi shingoni. Mama akafika kutoka kwenye bomba, mikono imejaa povu mpaka kwenye viwiko. Akatazama ile pamba. Akakutazama wewe, mara moja tu. Akavuta pumzi.

"Ni mkaa ya mti wa senetwet," akasema. "Ni mimi nimempa."

Ukanyamaza. Nikanyamaza. Siku ya tatu baba akafa, hakupata kuamka aseme vingine, na maneno ya mama yakawa ndiyo kweli. Nadhani unakumbuka jinsi shangazi alivyokataa kuguswa naye kaburini. Unakumbuka mwaka mzima watu wa baba walikuwa wakipita nje ya ua wetu na hawaingii kunywa chai. Mama alichuma majani peke yake kwenye mistari ile, wewe ukaenda chuo, ukarudi na kalamu. Hata siku moja hakukugusia. Nilidhani siku moja utamlipa kwa neno moja tu jikoni. Badala yake ulichukua uongo aliousema kukukinga, ukaupa kamera.

Nilipokupata kwenye simu ile mara moja, ulisema nini? Nakunukuu, maana maneno yako ni ya thamani siku hizi. "Ni story tu, dada. Character lazima apitie kitu ndio akue." Vizuri. Akue. Lakini akue amesimama juu ya mgongo wa nani? Allan wako anakua kwa kumsamehe mama mmoja kosa ambalo hakulifanya. Wewe ndiye uliyekuwa ukitafuta msamaha kwa mdomo wa Allan, kisha ukaona aibu, ukaupeleka msamaha nyumba nyingine.

Na kinachoniuma zaidi kama mtu anayependa hadithi ni kwamba ile ya kweli ni nzuri kuliko yako, nawe hukuiuliza.

Kabla sijaja huku nilimpeleka mama hospitali ile ile kwa sababu ya uvimbe wa shingo yake. Tulimkuta Daktari Mwende. Sasa ni mpasuaji kamili, sauti imeshuka, kichwani ana mvi mbili tatu. Tulipokuwa tunangoja nilimwona kazini. Haingii na kusimama juu ya mgonjwa. Anakaa kitandani. Hajasema asile, hajasema asinywe, anaanza na watu wa nyumbani. "Sotet iko wapi?" anawauliza, kwa Kiswahili chake cha Kikamba kilichochanganyika na lugha yetu. "Najua iko. Leteni niwawekee, mtaipata akiamka." Nao wanaona haya, wanacheka, wanakitoa kibuyu chini ya koti. Anakipeleka kwenye kabati la wauguzi. Kabati hilo nimeliona kwa macho yangu. Lina vibuyu vitano, kila kimoja kimebandikwa plasta yenye jina la mgonjwa.

Nilimfuata kwenye korido, nikamwambia mimi ni binti ya nani. Alikumbuka.

"Nilijua siku ile si yeye," akasema. "Mtu hawezi kumimina maziwa akiwa na povu mpaka kwa kiwiko."

"Mbona hukusema?"

"Niseme ndio nimshike nani? Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kulaumu, ndio nisijilaumu. Mama yenu akaniona, akanipa mtu. Nilienda nyumbani nikashindwa kula." Kisha akasema, "Tangu hiyo siku mimi siulizi nani. Nauliza iko wapi."

Hiyo ndiyo kukua, Kibet. Msichana aliyefika akidhani kazi yake ni kutoa amri, akajifunza kwa mama mmoja mwenye mikono ya sabuni kwamba watu hawavunji amri kwa ujinga, wanavunja kwa mapenzi, na mapenzi huwezi kuyakataza, unaweza tu kuyawekea kabati. Ungeandika hiyo, mimi ningepiga makofi mpaka mzee wangu wa muziki aamke. Lakini kuandika hiyo kungekulazimu uandike pia kijana aliyefunga zipu.

Basi sikia ulichokifanya, kama hujakiona, na ninaamini umekiona kwa sababu nyumba yako iko hatua thelathini kutoka kwa mama.

Uvimbe wa shingo umefika mahali unambana koo. Sauti yake kwenye simu imekuwa nyembamba, na akilala chali anaamka akitafuta pumzi. Daktari Mwende alimpa siku, na yeye mwenyewe ndiye angempasua. Mama alikuwa amekubali. Alikuwa amefunga hata mfuko, kanga mbili na Biblia ya baba. Kisha kipindi chako cha sita kikaonyeshwa. Kituoni, wanawake wakiwa kwenye foleni ya kupima majani, mmoja akamwambia, "Huyo kwa TV si ni wewe, Mama Chelangat?" Wengine wakatazama vikapu vyao. Sherehe ya mavuno kanisani alipeleka kibuyu kama kila mwaka, kikarudi kimejaa. Amevishusha vibuyu vyote ukutani, amevifunika na gunia. Haya sikuyatunga. Jirani anayemsaidia kukamua ndiye aliyenieleza, maana mama mwenyewe hakulalamika.

Nilimpigia. Nikamwuliza kwa nini hataki kwenda.

"Wacha niishi na hii shingo yangu," akasema. "Nikifia huko watasema imenirudia."

"Lakini mama, wewe hukumpa."

"Maziwa ilikuwa ya nani? Ni mimi nilikamua. Ni mimi niliweka mkaa. Hata Kibet ameandika hivyo, na Kibet amesoma."

Soma mstari huo tena, mwandishi. Miaka yote hii mama alijua alisema uongo na alijua kwa nini. Alikuwa amesimama imara ndani ya uongo wake kwa sababu ulikuwa wake, alikupa kwa hiari. Sasa umemrudishia umegeuzwa kuwa kweli, na ameuamini, kwa sababu ni wewe umeuandika. Wewe si mtu wa kijijini anayesema ovyo. Wewe umesoma.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, nasikia ulikwenda juzi kuazima kile kibuyu cha baba kwa ajili ya kipindi cha mwisho. Eti mjane atamletea Daktari Allan mursik siku anapopandishwa cheo, ili ionekane wamepatana. Mama akakitoa chini ya gunia akakupa. Ulikipokea kwa mikono gani? Mwenzangu, kuna mtu anayeazima kamba kwa mwenye kunyongwa? Kirudishe. Kirudishe leo, kabla hujavua viatu. Allan apewe soda.

Wiki iliyopita nilimwambia mama sehemu yangu. Nilikuwa nje, kwenye benchi la kituo cha basi, mvua ndogo, wakati wa mapumziko ya mchana. Nilimwambia kwamba nilisimama mlangoni, kwamba nilisema haraka, kwamba miaka yote nilimwacha abebe na nilijua. Akaniuliza kama huku kuna baridi. Nikasema iko. Akasema nivae soksi mbili.

Sijawahi kulia mbele ya watu wa nchi hii ila siku hiyo. Mwanamke mmoja asiyenijua alisogea akakaa nami.

Halafu mama akasema lile jambo lililonifanya nitafute karatasi. "Yako nimesikia," akasema. "Sasa huyo mwingine, ndiye mwenye maneno. Aseme na yeye. Si kwa kanisa, si kwa TV, hapa tu kwa moto. Akisema, mimi nitaenda nipasuliwe."

Daktari Mwende nimempigia. Nafasi ya mama ataishikilia hadi mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo ana wagonjwa wengine. Mama Faith atakuwa amefika kwenu mwezi bado una siku kumi. Kwa hivyo huna muda wa kwenda kufikiri, wala wa kuandika rasimu ya kwanza na ya pili kama unavyopenda. Usiniambie unaogopa utamvunja moyo. Hawezi kuvunjwa na jambo analolijua kuliko wewe. Anachotaka ni kujua kama mtoto aliyemkinga alikuwa mtu.

Ninajua utaniona mkatili. Nimekaa mbali, na ni rahisi kufoka ukiwa mbali. Lakini ningekuwa karibu ningekushika sikio, kama nilivyokushika ulipoacha ndama wakaingia kwenye mahindi, na ningekukokota hadi kwenye kile kigoda. Kwa kuwa siwezi, nimetumia kalamu, ambayo ndiyo silaha unayoiheshimu. Ninakupenda na sijafurahishwa nawe hata kidogo, na yote mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja.

Msalimie wifi yangu, mke wako wa Chepilat, na umwambie nilimwona amepita nyuma kwenye kipindi cha nne akiwa muuguzi, na alitembea vizuri kuliko waigizaji wako. Wasalimie watoto, soksi nilizotuma kwa Mama Faith ni zao, wasigombanie rangi. Msalimie jirani yetu anayemkamulia mama, ambaye amekuwa mtoto wake kuliko sisi. Na shangazi wa Kedowa, dada yake baba, aliyemwaga chai ya mama mlangoni mwaka ule, mpelekee salamu zangu pia. Mama akishapona nitamwandikia yake, na haitakuwa fupi.

Sasa geuza uchukue karatasi ya tano, ile ya mama. Nilimwambia kwenye simu ni tano, na unajua mama hajui kusoma lakini kuhesabu anajua. Zimehesabiwa kwa kidole kabla hujaitwa. Amengoja hii. Usiipeleke kwenye mwanga kutafuta mwandiko, wala usitazame nyuma yake. Hakuna kitu. Nimeiacha tupu, kwa sababu kilichopaswa kuandikwa pale si changu.

Yuko mbele yako. Wewe ndiye mwandishi. Msomee.

Ni mimi dada yako,
Chelangat